Paka, Ngamia na Mrehani wa Kopo

Mdimu uliopandwa ardhini una njia zake za kutafuta maji. Kaskazi ikivuma na udongo wa juu ukakauka, mizizi hushuka. Ikikutana na jiwe, hutambaa kuelekea karo la jirani au kisima kilichofukiwa zamani, popote penye unyevu. Mdimu uliopandwa ndani ya ndoo ya rangi, juu ya paa la sakafu, hauna njia hata moja. Mizizi yake hushuka shibiri mbili, ikagonga plastiki, ikageuka na kuzunguka, mpaka siku moja ukiung'oa unaona umbo la ndoo lililofumwa kwa mizizi mitupu. Umande hautoshi kuufikia chini. Mvua ikinyesha ya manyunyu, majani yenyewe huikinga isiingie ndoo. Kila tone utakalolinywa mti huo kuanzia siku ulipotiwa humo litapitia mkononi mwa mtu.

Juu ya nyumba yetu, Mji wa Kale, Mombasa, nilikuwa na mdimu wa namna hiyo, pamoja na asumini, mrehani, mnanaa, mchaichai, pilipili mbuzi na mshubiri. Kila mwaka vuli zikimalizika, mwanangu aliyeko Maskati huniita nikakae naye. Kwao Januari na Februari ni miezi ya baridi nzuri, watu hukaa nje jioni. Kwetu ndio kaskazi yenyewe: joto hufika nyuzi 32 na kuzidi, mvua ni ya kubahatisha, na upepo wa bahari hukausha hata nguo nzito kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo safari yangu huangukia wakati ule ule ambao makopo yanahitaji maji kuliko wakati wowote mwingine.

Wifi yangu, anaponiona nahangaika na ndoo na vigudulia siku za kufunga safari, huniambia, "Wifi, miti ni ya Mungu. Mwachie mwenyewe." Hasemi kwa mzaha. Ni mtu wa swala, wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na mambo makubwa kuliko makopo nimemwona akimwachia Mungu na akatulia. Ndiyo maana neno lake halinitoki. Ni neno la imani, na mimi nina imani, na bado moyo wangu unalikataa. Nimetaka kujua kwa nini unalikataa.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa ngamia. Kisa hicho kila aliyepita chuoni anakijua, nacho kimo katika mkusanyo wa Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na atawakali, akaambiwa amfunge, kisha atawakali. "Basi wewe," akasema wifi, "wamwagilie maji ya kutosha asubuhi ya safari. Hapo umeshafunga ngamia. Yaliyobaki hayako juu yako."

Lakini katika kisa cha ngamia, mwenye kupata hasara ni nani? Ni mwenye ngamia. Ngamia asipofungwa huenda zake. Miguu anayo, pua anayo, na miti ya miba ya jangwani anaijua kuliko bwana wake. Kamba ni ya faida ya mwenyewe, asije akaamka asubuhi hana mali. Yule mtu, basi, aliuliza juu ya hasara yake mwenyewe: je, nihatarishe changu kwa jina la kumtegemea Mungu? Na hata katika chake aliambiwa asihatarishe.

Kuna mnyama mwingine katika hadithi, na huyo ndiye ninayemfikiria ninaposhika kata ya maji. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Tunapohadithiwa kisa hiki utotoni tunasikia ukatili, tunamchukia yule mwanamke, na tunakwenda kucheza. Ukubwani nimeanza kusikia jinsi kosa lenyewe lilivyoelezwa: hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajilie wadudu wa ardhini. Mambo mawili, na yote mawili lazima yakutane ndipo paka afe. Mji wa Kale una paka wengi, wako kila baraza na kila kibanda cha samaki, na sijapata kusikia sheikh akisema kwamba kila mwenye nyumba ana dhambi kwa kila paka aliyepita mlangoni pake na njaa. Paka wa njiani ana rizki yake njiani. Yule wa hadithi alikuwa na rizki yake vilevile, iliyotandazwa ardhini na Mola wake, ila mlango ulifungwa. Mwanamke aliziba njia ya Mungu kwa kiumbe, kisha yeye mwenyewe hakuwa njia.

Mrehani wa kopo uko karibu na paka huyo kuliko na ngamia.

Hapo ndipo nilipolipata jawabu langu kwa wifi, na tangu siku ile sijaliacha. Kiu yangu mimi naweza kumwachia Mungu. Nikitoka safari na maji machache nikisema Mola atafungua, huenda nimekosea hesabu, lakini koo litakalokauka ni langu. Kiu ya niliyemfungia mlango si yangu kuitolea sadaka. Kutawakali ni kwa mtu na nafsi yake. Siwezi kutawakali kwa niaba ya mwingine ambaye mimi ndiye niliyemweka mahali asipoweza kujisaidia, kisha nikapanda ndege moyo mweupe.

Wifi si mtu wa kushindwa upesi. Alikaa siku chache, akanijia na Bi Hajar. Nabii Ibrahimu, akasema, alimwacha mkewe na mtoto anayenyonya katika bonde lisilo na mmea wala mtu, na kiriba cha maji na mfuko wa tende. Kopo gani kubwa kuliko bonde lile? Na Mungu akamfungulia Zamzam.

Hoja hiyo ilinitia kimya jioni nzima, kwa sababu ni nzito na kwa sababu nampenda Bi Hajar. Nilirudi nikakisoma kisa kama alivyokipokea Ibn Abbas, na nikaona mambo ambayo nilikuwa nayapita mbio. Hajar alimfuata mumewe akimuuliza anakwenda wapi na anawaacha na nani, akarudia na kurudia, na mumewe hakugeuka. Ndipo akauliza swali la namna nyingine: je, ni Mungu aliyekuamuru? Akajibiwa ndiyo. Alipopata jawabu hilo ndipo akasema kwamba basi Mungu hatawapoteza, akarudi kwa mwanawe. Ibrahimu alikuwa na amri. Mimi sina amri ya kwenda Maskati. Nina tiketi aliyolipa mwanangu na hamu ya kuwaona wajukuu. Tena, na hili ndilo lililonigusa zaidi, neno la kumtegemea Mungu lilitoka kinywani mwa mwenye kuachwa. Aliyekuwa akiondoka hakumwambia, "Tulia, Mungu yupo." Alinyamaza, na alipofika mahali wasipomwona, aliinua mikono akawaombea. Anayeondoka huomba, anayebaki ndiye mwenye haki ya kusema kwamba Mungu anamtosha.

Na Hajar mwenyewe, maji ya kiriba yalipokwisha na mtoto akaanza kugaagaa kwa kiu, hakukaa chini. Alipanda Safa akatazama, akashuka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa, mara saba, na mamilioni ya mahujaji mpaka leo wanafuata nyayo zake. Imani yake ilikuwa na miguu ya kukimbilia na macho ya kutazamia upeo. Mnanaa wangu hauna miguu. Hauna ulimi wa kuniuliza kama nimeamrishwa. Nani atausemea kwamba Mungu hatauacha? Nikiusemea mimi ninayeondoka, nimechukua neno lisilokuwa langu.

Alhamisi moja nililipeleka swali kwenye darsa yetu ya akina mama. Mwalimu wetu ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, huniita mama, lakini elimu yake ni pana na subira yake ni pana zaidi. Hakunijibu palepale. Wiki iliyofuata alikuja na Minhaj ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Nawa katika nchi ya Shamu aliyefariki mwaka 1277, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi katika mwambao huu tumelelewa na vitabu vyake kizazi baada ya kizazi. Akatufungulia mwisho wa mlango wa nafaka, yaani matunzo. Imamu anaanza na mke, anapita kwa jamaa, anafika kwa watumwa, kisha wanyama: mwenye mnyama ni wajibu amlishe na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa, kama mnyama huyo analiwa, auze au alishe au achinje. Halafu, kwa maneno machache tu, anasema kwamba kisichokuwa na roho, kama mfereji au nyumba, si wajibu kukitengeneza. Washerehesha wake wakaongeza juu ya hapo kwamba kuacha kumwagilia mimea na miti na hali mtu anaweza ni makuruhu, kwa sababu ni kupoteza mali.

"Unaona, mama," akaniambia, "makuruhu. Si haramu. Na sababu yake ni mali."

Nilishukuru, na bado namshukuru, kwa sababu jawabu lile lilinipa mahali pa kusimama. Sheria haikuuweka mrehani pamoja na paka, na mimi sina elimu ya kuuhamisha. Lakini nilimwuliza kama yaruhusiwa mtu kuhisi zaidi ya kiwango cha sheria, akasema hapo ndipo ucha Mungu unapoanzia. Basi nasema ninavyohisi. Qurani inafundisha kwamba hakuna kitu ila kinamsabihi Mola wake, ijapokuwa hatufahamu namna yake, na kwamba miti inasujudu. Mtume alipopita penye makaburi mawili aliweka juu yake vipande vya kuti bichi, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu vipande havijakauka. Na gogo la mtende alilokuwa akiliegemea akihutubu lilipoachwa baada ya mimbari kutengenezwa, lililia mpaka akaliwekea mkono. Mwenye kuzisikia habari hizi hawezi kuutazama mrehani unaolegea akaona mali inapotea na basi. Kuna kusabihi kunakokatika. Maulamaa waliposema mali walisema kwa lugha ya hukumu, na hukumu lazima iseme kwa lugha inayopimika. Tena nadhani (hii ni dhana yangu, mwalimu hakuikubali wala hakuikataa) kwamba waliposema miti walikuwa wakiitazama mitende na mizaituni ya mashambani, yenye mizizi inayojua njia.

Hukumu ya mnyama, lakini, imenifaa kwa jambo moja la kutenda. Imenionyesha kwamba mtu asiyeweza kutunza ana milango mingine ya halali: kukabidhi kwa anayeweza, au kufungua. Asilobakiziwa ni kushikilia na kuondoka.

Nimeliona kosa la kushikilia na kuondoka kwa viumbe wakubwa kuliko mimea, na ndiyo sababu swali hili halinipi usingizi kwa ajili ya makopo peke yake. Namjua mama mmoja mzee aliyeletwa Mombasa kutoka kisiwa kimoja cha Lamu, kwa mapenzi ya watoto wake, wala sina shaka na mapenzi hayo. Kwao alikuwa na kisima uani, majirani wa miaka sitini, watoto wa kutumwa dukani, na baraza ya kukaa baada ya alasiri. Akawekwa ghorofa ya nne mahali pasipo na mtu anayemjua hata jina la babake. Kuanzia hapo chakula chake, dawa yake na salamu yake vyote vilipitia mkono mmoja, wa bintiye. Binti akipata safari ya kikazi husema, "Nimemwachia Mungu." Huko kisiwani angemwachia Mungu kweli, kwa kuwa Mungu alikuwa na milango mingi ya kumfikia mama yule. Waliomhamisha ndio walioifunga.

Turudi juu ya paa, maana uzito wa jambo uko pia katika namna ya kulitekeleza.

Maji ya Mji wa Kale si ya kuchezea. Mfereji hautoki kila siku, visima vingi vina chumvi, na maji yakikatika muda mrefu tunanunua ya mkokoteni kwa mitungi ya plastiki ya lita 20. Kumwagilia asumini maji ambayo jirani anayanunua kwa kupikia ni jambo ambalo nafsi yangu haikulikubali tangu mwanzo. Nilichofanya ni kuweka beseni chini ya mikono yangu ninapotawadha. Katika madhehebu yetu maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, lakini hayatawadhiwi tena. Kwa mwanadamu kazi yake imekwisha, kwa mrehani ndiyo inaanza. Mtume alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Ukijizuia mpaka ukakaribia kiasi hicho hupati mengi, lakini swala ni tano, na ukiongeza maji ya kuoshea mchele, makopo yote hupata chao bila kugusa pipa la nyumba.

Sasa fikirini nini hutokea ninaposafiri. Unaondoka mkono na yanaondoka maji pia. Hakuna anayetawadha nyumbani, hakuna mchele unaooshwa. Chemchemi ya makopo yangu ilikuwa ni udhu wangu, nayo imepanda ndege kwenda Maskati. Mwaka nilipolitambua hilo nilikwenda kwa mama wa nyumba ya pili nikamwomba, pamoja na kumwomba mwanawe anishikie zamu ya kumwagilia, aniwekee yeye maji yake ya udhu. Alicheka kwa furaha akasema hajapata kuombwa kitu chepesi namna hiyo.

Vyombo navyo nimevijaribu. Chupa iliyotobolewa kifunikoni na kuchomekwa kichwa chini ama humwaga yote kwa saa moja ama huziba kwa chembe ya udongo. Utambi wa kamba ya pamba, ncha moja ndani ya ndoo ya maji na nyingine ndani ya kopo, hupandisha maji vizuri kwa kopo dogo lililo kivulini, ila ndoo iwe juu kidogo na kamba isikauke. Mashine ya kutiririsha kwa saa, anayoisifu mwanangu, inataka mfereji wenye maji wakati wote, nasi hatunao. Bora kuliko vyote ni kigudulia cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Unakizika ndani ya ndoo mpaka shingoni, unakijaza, unafunika mdomo kwa kigae ili mbu wasizalie humo. Udongo wa ndoo ukikauka huvuta maji kupitia ngozi ya kigudulia. Ukilowa huacha kuvuta. Mmea hunywa kwa kadiri ya kiu yake. Ufundi huu ni wa kale mno: Fan Shengzhi wa Uchina aliuandika zaidi ya miaka 2000 iliyopita, vyungu vikizikwa shambani na matikiti yakipandwa kuvizunguka. Ninaupenda kwa sababu nyingine pia. Unaurudishia mmea sehemu ya kile nilichounyima, uwezo wa kujitafutia, mizizi ikisogea yenyewe mpaka ikakumbatia udongo wa kigudulia.

Kabla ya kuondoka huyasogeza makopo yote pamoja upande wa ukuta unaopata kivuli baada ya adhuhuri, yakingane upepo, na huweka makumbi ya nazi yaliyoloweshwa juu ya udongo. Mshubiri ninauacha ulipo; huo una akiba yake majanini. Mrehani ndio wa kuhofiwa, siku mbili za kaskazi bila maji zinautosha.

Vigudulia, hata hivyo, huisha maji, na siku za kutokuwapo kwangu ni nyingi kuliko ujazo wake. Kwa hiyo lazima awepo mtu. Na mtu nimemkuta ana jambo lisilopatikana katika chombo: anaona. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, aliona viwavi kwenye mdimu akawatoa kwa mkono mmoja mmoja. Aliona asumini inapigwa na upepo akaisogeza. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka ule ule mrehani ulikufa mkononi mwake. Niliporudi hakuja kunisalimu, nikajua kuna jambo. Nilikwenda kwao nikamkuta nyuma ya mlango.

"Shikamoo nyanya," akasema bila kunitazama.

"Marahaba baba. Mbona hukuja kupokea tende zako?"

Akanieleza. Mrehani ulilegea, akauongeza maji. Ukalegea zaidi, akauongeza tena, asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala. Nilipoutazama niliona shina limekuwa jeusi chini na udongo unanuka. Mizizi ilikuwa imeoza kwa kukosa hewa, na mmea uliooza mizizi hulegea sawasawa na mmea wenye kiu. Mtu mzima angedanganyika. Nilimwambia yale niliyojifunza kwenye darsa, kwa maneno ya mtoto: mwenye kupewa amana asipozembea wala kuvuka mpaka, kitu kikiharibika mikononi mwake hadaiwi. "Wewe hukuzembea," nikamwambia. "Hudaiwi na mimi, na natumai hudaiwi na yeyote." Akauliza kama mrehani utanidai mimi. Nilimwambia sijui, na kwamba hilo ni swali la kumpelekea mwalimu wake wa chuoni. Mbegu za mrehani zilikuwa zimekauka kileleni. Tulizipukutisha pamoja katika karatasi.

Huko Maskati nako nilipata la kufikiria. Mwanangu alinichukua mpaka Birkat al-Mawz, chini ya Jabal Akhdar, kuitazama falaj (mfereji wa maji) ya al-Khatmayn, mojawapo ya zile tano za Oman zilizotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hutoka mlimani kwa mteremko mtupu, bila pampu, yakagawanyika mikondo mitatu iliyo sawa. Katika falaj za Oman haki ya maji hupimwa kwa muda: nusu saa huitwa athari, na zamani mchana waliupima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Yuko wakili wa kusimamia, ziko zamu za watu binafsi na ziko za wakfu wa misikiti. Nilisimama pale nikiwafikiria Waomani waliopanda majahazi kuja pwani yetu na kuacha mitende nyuma. Mwenyewe yuko Unguja au Mombasa anauza nguo, na usiku wa zamu yake, nyota ikichomoza, mlango wa maji hufunguliwa kwenye shamba lake kama vile yupo.

Nikaukumbuka ule mfereji wa Imamu Nawawi. Mtu mmoja peke yake halazimiki kuutengeneza mfereji wake, ndivyo inavyosema hukumu, na naielewa. Lakini kijiji kile kilikuwa hai kwa sababu watu waliyachukua yale ambayo hakuna anayelazimishwa na kuyafunga kwa ahadi baina yao, ili asafiriye asiuache mtende wake na bahati.

Niliporudi nilizungumza na nyumba mbili zenye makopo katika kichochoro chetu. Hatukuandika kitu. Anayesafiri huacha ufunguo wa ngazi ya paa, vigudulia vikiwa vimejaa, na nyumba mbili zilizobaki hugawana siku, na maji ni ya udhu. Mtoto wa darasa la sita ndiye msimamizi. Sasa hutia kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili kabla ya kumwaga chochote, na amewafundisha wenzake.

Nilimwuliza mwalimu wetu juu ya safari ya ghafla, ya msiba au ugonjwa, ambapo mtu hana muda hata wa kufunga sanduku. Akasema Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Nalipokea hilo kwa moyo wote. Ila kwa umri wangu, na watoto waliotawanyika, safari ya ghafla si jambo la kunishangaza tena, na kiasi cha makopo ninachokiweka juu ya paa ni hiari yangu. Nimeyapunguza mpaka ndoo moja iyatoshe yote. Mchaichai na pilipili nimewagawia wenye ua. Mdimu uliteremshwa ngazi na wanaume wawili mwanzo wa masika haya, ukapelekwa kwa kaka yangu Mtwapa. Tulipasua ndoo kwa msumeno, tukaichambua ile mizizi iliyojizungusha, tukaipunguza iliyosokotana, tukaupanda. Kwa miezi ya kwanza atalazimika kuumwagilia. Kaka ananiambia umedondosha majani karibu yote, na kwamba kwenye vifundo vya matawi ya chini kumeanza kuchomoza machipukizi.